Kabla ya Kuokota Ganda la Mjerumani

Ganda la risasi la Kijerumani la Vita Kuu ya Kwanza lina urefu wa milimita 57, na habari zake zimeandikwa kitakoni. Mtu akiligeuza na kulisogeza dirishani ataona duara la fataki katikati, na kulizunguka alama zilizogongwa kiwandani: herufi ya kiwanda, namba 67 inayotaja asilimia ya shaba nyekundu katika mchanganyiko wake, mwezi lilipotengenezwa, na mwaka. Ganda kama hilo liliweza kutoka Spandau, karibu na Berlin, likavuka bahari, likafyatuliwa na askari wa Kinyamwezi au wa Kimanyema katika vichaka vya Taveta, kisha likalala udongoni miaka 100 mpaka mvua na kwato za ng'ombe zilipolifukua.

Ndiyo maana wapo wanaoyakusanya. Ulaya na Marekani wakusanyaji wa namna hii ni wengi kiasi cha kuwa na vyama vyao, kikiwemo International Ammunition Association, chenye jarida lake. Afrika Mashariki wapo wachache, na wengi wao hawajiiti wakusanyaji. Kuna mwalimu wa historia mwenye maganda matano katika kopo la kahawa, mwongoza watalii wa Voi, na mjukuu aliyeachiwa sanduku la mbao na babu aliyepigana Burma. Kwa watu hao, ushauri wa kwanza ni kujua wanachokitafuta, kwa sababu anayejua huacha vitu vingi pale alipovikuta.

Eneo hili lina utajiri wa masalia ambao watu wake wenyewe huudharau. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, lenye askari wapatao 8,000, lilishuka Tanga likashindwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu kama 1,000. Baadhi ya kombania za Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zinazopiga risasi moja moja na kutoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Waingereza walipokimbilia melini waliacha ufukoni bunduki za kuzitosha kombania tatu, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Tangu siku ile, askari wa Mjerumani walianza kupiga risasi za Mwingereza.

Mchanganyiko haukuishia hapo. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa imejificha chini ya jina la Kidenmaki, Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na shehena ya silaha, huku manowari ya Kiingereza HMS Hyacinth ikiiandama. Meli ilipigwa na kuzama kwenye maji mafupi. Waingereza walipoondoka, shehena iliopolewa, na risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Meli nyingine, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi mnamo Machi 1916. Kisha mwezi Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano na kujipatia risasi robo milioni pamoja na bunduki za kuzipigia. Kufikia siku za mwisho za vita, sehemu kubwa ya silaha za askari wake zilikuwa za Kireno na za Kiingereza.

Kwa hiyo ganda la Kiingereza lililookotwa kusini mwa Tanzania halithibitishi kwamba Mwingereza alisimama hapo. Hilo ni kosa la kila anayeanza. Anashika ganda moja na tayari ameshapanga vita nzima.

Kuyatofautisha ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ganda la Kiingereza la .303 lina ukingo unaojitokeza nje kitakoni, na mara nyingi lina alama ya kiwanda, tarakimu mbili za mwaka, na VI au VII za Kirumi zinazotaja toleo la risasi. Herufi K F zinaashiria kiwanda cha Kirkee, karibu na Pune nchini India, na hilo ni jambo la kufurahisha kulikuta katika ardhi ya Tsavo, maana linamkumbusha msomaji kwamba waliopigana pale wengi walikuwa Wahindi na Waafrika. Ganda la Mauser ya baadaye halina ukingo unaojitokeza. Lina mfereji uliochongwa juu kidogo ya kitako. La Mauser ya mwaka 1871 ni nene, lina ukingo, na mdomo wake una upana wa milimita 11 hivi. Kioo cha kukuzia, rula ya kupimia na mwanga wa ubavuni vinatosha kwa kazi hii.

Jambo moja la kitakoni linataka macho makali zaidi ya mengine yote. Fataki yenye kidonda cha kipigio haithibitishi kwamba risasi ililipuka. Kama kichwa cha risasi bado kimekaa mdomoni mwa ganda huku fataki imepigwa, hiyo ni risasi iliyogoma. Baruti yake imo ndani. Zile risasi za Rubens zilizolowa maji ya bahari ziliwasumbua askari vivyo hivyo vitani, na risasi iliyogoma mwaka 1916 haipaswi kuaminiwa leo. Ganda lililotumika kweli liko wazi juu, na mtu akichungulia anaona mpaka chini. Anayeanza ajiwekee mpaka hapo: maganda matupu ya bunduki ndogo, yaliyo wazi mdomoni, na si kitu kingine.

Kila kitu kinachozidi hapo kina mazungumzo mengine. Kombora la mzinga, bomu la mkono, kichwa cha kombora, fyuzi iliyochomoka peke yake, chuma chenye mapezi ambacho hakijulikani ni cha nini: vyote hivyo vihesabiwe kuwa ni vizima mpaka mtaalamu wa jeshi au polisi aseme vinginevyo. Kutu si ushahidi kwamba kitu kimekufa. Mara nyingi mambo ni kinyume, kwa sababu chuma kinapoliwa na kutu, vile vizuizi vidogo vilivyokuwa vikikizuia kisilipuke ndivyo vinavyoanza kuachia. Makombora mengi ya enzi ile yalijazwa asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikikutana na baadhi ya madini kwa miaka mingi hutengeneza chumvi ambazo hazivumilii kuguswa wala kusuguliwa. Baruti nyeusi nayo haizeeki kama watu wanavyofikiri. Ikibaki kavu, inabaki baruti.

Februari 2008, huko Chester katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mkusanyaji mwenye umri wa miaka 53 alikuwa uani kwake akisafisha kombora la duara la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kitu cha kilo zipatazo 34 kilichotoka kwenye mzinga wa manowari. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Kwa miaka mingi alikuwa ameshughulikia makombora zaidi ya 1,000, yake na ya wengine. Kombora lile lililipuka na kumuua, miaka 143 baada ya vita kwisha, na kipande chake kikaruka kama mita 400 na kuangukia baraza ya nyumba ya watu. Anayemwambia mwenzake kwamba kitu hiki ni cha zamani mno kuweza kulipuka akumbushwe kisa hicho.

Ulaya inaishi na jambo hili kila msimu wa kulima. Wakulima wa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa wanafukua makombora ya mwaka 1914 hadi 1918 kwa jembe la trekta, wanayaweka kando ya barabara, na askari wa kutegua mabomu wanapita kuyakusanya. Kituo cha jeshi la Ubelgiji kilichopo Poelkapelle kinapokea tani nyingi kila mwaka, na baadhi yake ni makombora ya gesi ya sumu. Machi 2014 wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa mjini Ypres na kombora la vita hiyo hiyo, karne nzima baada ya kurushwa. Hawakuwa wakusanyaji. Walikuwa kazini.

Kwa upande wetu hatari kubwa hutoka kwenye vita za karibu na kwenye viwanja vya mazoezi, na wahanga wakubwa ni watoto na wafugaji. Dar es Salaam haijasahau Mbagala, Aprili 29, 2009, wala Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na mabomu kutawanyika hadi kwenye makazi ya watu. Nchini Kenya, Wamasai na Wasamburu walilalamika kwa miaka mingi kuhusu vilipuzi vilivyoachwa katika maeneo ambako jeshi la Uingereza hufanyia mazoezi, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 200 fidia ya pauni milioni 4.5. Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu lililodhaniwa kuwa ni chuma chakavu lilifika mpaka shule ya msingi, likaua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Mtoto hawezi kutofautisha chuma cha 1916 na cha juzi. Mkusanyaji anayejaza makombora sebuleni anamfundisha mtoto huyo kwamba vitu vile ni vya kuchezea, na hapo hakuna kabati la kioo litakalosaidia.

Halafu kuna biashara ya mekyuri.

Kwa miongo kadhaa matapeli wameeneza uvumi kwamba ndani ya mabomu ya zamani, redio za zamani, hata cherehani za Singer, mna mekyuri, yaani zebaki nyekundu, yenye thamani ya mamilioni. Huko Chitungwiza, Zimbabwe, watu kadhaa walikufa Januari 2013 mlipuko ulipotokea nyumbani kwa mganga, na vyombo vya habari vikauhusisha na jaribio la kutoa kitu hicho kwenye kilipuzi. Tanzania uvumi huu umeungana na ule wa mali za Mjerumani, ambao umewafanya watu wachimbe chini ya maboma na mibuyu usiku kucha. Zebaki nyekundu haipo. Hakuna kombora lililowahi kufunguliwa likakutwa na utajiri, na mtu anayetoa bei kwa bomu zima ama ni tapeli ama anatafuta baruti kwa matumizi ambayo mkusanyaji hataki kuhusishwa nayo mahakamani.

Tukifika mahakamani, sheria haina muda wa kusikiliza habari za umri. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Zote mbili zinamtaka mwenye risasi awe na kibali. Risasi nzima iliyotengenezwa 1915, ikikutwa kwenye droo ya mtu asiye na kibali, inaweza kumpeleka kizuizini kama ile iliyotengenezwa mwaka jana, na atalazimika kuieleza historia yake mbele ya afisa ambaye hajali habari za Tanga. Ganda tupu lina nafuu zaidi, lakini hata hilo linataka busara: mkusanyaji mwenye akili huenda kituoni mapema, anauliza, na anaomba jibu kwa maandishi. Wengi wanaona aibu kufanya hivyo. Aibu hiyo ni ndogo kuliko ya kupekuliwa nyumbani alfajiri.

Kuna pia sheria za mambo ya kale na za hifadhi. Viwanja vikubwa vya vita ile havikuwa mashamba ya mtu. Sehemu ya mapambano ya mpakani ilitokea ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na Beho Beho, alipouawa mwindaji Frederick Selous Januari 4, 1917, iko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kutoa kitu hifadhini bila kibali ni kosa, liwe jiwe, pembe au ganda. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Anayeishi Ulaya asifikiri huko mambo ni huru. Ufaransa imekataza kutumia kifaa cha kugundua metali kutafuta vitu vya historia bila idhini, na Uingereza, ambako ganda lililokwisha kutumika halihitaji cheti, inahitaji cheti kwa risasi nzima ya .303.

Uwanja wa ndege ni mahali pabaya kuliko pote pa kujifunzia sheria hizi. Aprili 2022 familia moja ya Wamarekani iliokota kombora ambalo halijalipuka katika milima ya Golan, ikafika nalo uwanja wa Ben Gurion nchini Israel na kuwaonyesha wakaguzi kama kumbukumbu ya safari. Watu walikimbia ovyo ukumbini na mmoja akaumia. Hata ganda tupu likiwa ndani ya begi linaweza kumkalisha msafiri chumba cha mahojiano mpaka ndege yake iondoke. Apige picha, aache ganda.

Sasa swali la pesa. Anayetaka kununua ataambiwa kwamba kitu hiki kimeuawa, hakina kitu ndani, kimetobolewa, kimepakwa rangi. Maneno hayo pekee hayana uzito. Tundu lililotobolewa huonyesha tu kwamba mtu fulani alishika kekee, na hakuna anayejua alitoa nini na alibakiza nini. Rangi ya buluu, inayotumiwa na majeshi ya NATO kwa zana za mazoezi, nayo huwadanganya wengi, kwa maana baadhi ya zana za mazoezi zina baruti kidogo ya kutoa moshi ili wapigaji waone zilipoangukia. Na rangi huuzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Mnunuzi adai hati kutoka kwa mamlaka au mtaalamu aliyesajiliwa, yenye maelezo na picha ya kitu chenyewe. Hati ikikosekana, asinunue, hata bei ikishuka mara tatu wakati anaondoka. Na asijaribu kamwe kukifungua, kukitoboa, kukichoma au kukikata mwenyewe, wala kumpa fundi wa gereji afanye hivyo. Hakuna njia ya nyumbani ya kazi hii.

Upande wa udanganyifu wa kawaida, ganda la .303 ndilo linalouzwa zaidi kwa hadithi. Lilitumika toka mwishoni mwa karne ya 19 hadi vizazi vilivyofuata Vita Kuu ya Pili, polisi wa kikoloni walilitumia, wawindaji walilitumia. Muuzaji anayelipa ganda la namna hiyo jina la vita vya Tanga asomewe tarehe ya kitakoni. Ikisema 43, basi limezaliwa miaka 29 baada ya vita hivyo.

Ambaye moyo wake umeshikwa na historia hii lakini hataki matatizo na polisi, atazame fedha za Tabora. Mwaka 1916 serikali ya Kijerumani, iliyokatwa na bahari na kuishiwa sarafu, ilifungua kiwanda cha kupiga fedha katika karakana ya reli mjini Tabora. Heller 5 na heller 20 zilipigwa kwa shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga, na zikatiwa herufi T. Nyingi zimepigwa ovyo, maandishi yamepinda na kingo hazikukaa sawa, na ndilo jambo linalozipendeza. Rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, zilipigwa zisizozidi 17,000, na hizo ni za wenye mifuko mirefu. Lakini ile ya heller 20 bado mtu wa kawaida huweza kuimudu, ni ganda la vita lililokwisha kubadilishwa kazi, halilipuki, na halihitaji kibali cha silaha. Tahadhari pekee ni wale wanaouza rupia za Mjerumani kwa madai kwamba zinavuta utajiri au kunyonya mchele. Hao waachiwe mchele wao.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni kuandika. Ganda lisilo na mahali lilikotoka ni kipande cha shaba. Mfano bora upo Marekani, kwenye uwanja wa Little Bighorn huko Montana, ambako kamanda Custer wa jeshi la Marekani na kikosi chake waliangamizwa Juni 1876. Moto ulichoma nyasi mwaka 1983, na kuanzia mwaka uliofuata wanaakiolojia Douglas Scott, Richard Fox na wenzao wakapita na vifaa vya kugundua metali, wakaweka kibendera kila mahali walipopata ganda au kichwa cha risasi, na kupima kila kimoja kililala wapi. Alama za kipigio kwenye fataki ziliwawezesha kufuata bunduki moja moja jinsi ilivyohama kutoka sehemu hadi sehemu. Ikaonekana pia kwamba wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa na bunduki nyingi za kupiga mfululizo, wakati askari wa serikali walikuwa na za kupiga moja moja. Miaka 100 ya vitabu ikabidi irekebishwe na maganda yaliyoachwa mahali pake.

Kilima cha Salaita karibu na Taveta, ambako mashambulizi ya Februari 12, 1916 yaliwashinda Waingereza na Waafrika Kusini, kingeweza kusema mengi kwa njia hiyo. Kila mgeni anayeondoka na maganda mawili mfukoni anakipunguzia maneno. Ushauri basi ni huu: ganda lililo juu ya udongo kwenye uwanja wa vita lipigwe picha lilipo, kitu cha kupimia kiwekwe pembeni, simu isome mahali kwa ramani, kisha liachwe na taarifa ipelekwe makumbusho. Kwa lile ambalo tayari liko nyumbani kihalali, daftari lieleze liliokotwa au kununuliwa wapi, lini, kwa nani, kwa bei gani, alama zake zikoje na urefu wake ni milimita ngapi. Namba iandikwe kwenye karatasi inayofungwa kwa uzi, si kwa wino juu ya shaba.

Kusafisha ni mahali wanapoharibu hata wale makini. Siki, ndimu, jivu na dawa za kung'arishia hula ngozi ya shaba na kufuta herufi zile zile zilizomfanya mtu alitake ganda hilo. Maji yaliyochemshwa na kupozwa, mswaki laini, kukausha vizuri na tabaka jembamba la nta vinatosha. Dawa yoyote yenye amonia ikae mbali kabisa. Jeshi la Waingereza nchini India liliwahi kusumbuka sana na risasi zilizopasuka zenyewe ghalani wakati wa masika, mpaka ikajulikana kwamba maghala yale yalikuwa mazizi, na mvuke wa mkojo wa farasi, ukisaidiwa na unyevu, ndio uliokuwa ukipasua shaba. Anayefuga kuku uani asiweke mkusanyiko wake kwenye stoo ya jirani na banda. Na kwa watu wa Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya hewani ni adui wa kila siku: kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya hufanya kazi nzuri. Kichwa cha risasi chenye unga mweupe kisishikwe kwa mikono mitupu, kwani unga huo ni sumu ya madini ya risasi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Anayetaka kuona vitu vikubwa asivitafute vichakani. Fort Jesus mjini Mombasa pana mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye meli ya Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 na mizinga yake yote kumi kuopolewa na kukokotwa nchi kavu. Hapo hapo pana mzinga wa HMS Pegasus, meli ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 20, 1914. Maadui wawili wanatazama bahari moja, na kiingilio kinalipwa mara moja tu.

Imebaki habari ya sanduku la babu. Familia nyingi hulifungua siku ya arobaini, katikati ya kugawana nguo, na hukuta risasi, pengine na bomu la mkono lililofungwa kitambaa. Lisitikiswe, lisihamishwe, lisipelekwe kituoni kwa bodaboda, lisitupwe chooni wala kisimani. Watu watoke chumbani, watoto wapelekwe kwa jirani, mlango ufungwe, na polisi waitwe pale pale: Tanzania kwa namba 112, Kenya kwa 999 au 112. Na wewe unayekusanya, ukiwa bado na nguvu na kumbukumbu, keti na wanao uwaonyeshe kila kilichomo kabatini na karatasi zake, ili siku hiyo wasilazimike kukisia.